Évode Muhire na Mageti Kumi na Matatu

Mzee wetu Évode Muhire alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1963 huko Muyinga, Burundi, kwa wazazi Wanyarwanda waliokuwa ukimbizini. Alibatizwa Mkatoliki, na kwa maneno ya mama yake, alikuwa mtoto wa kukagua chakula kabla ya kula.

Shule ya msingi aliisoma Muyinga, sekondari akaishia mwaka wa pili, karo iliposhindikana. Mwaka 1982 alishuka Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, akawa mlinzi wa ghala la kahawa. Kiswahili alikipata huko, pamoja na tabia ya kutomwamini mtu yeyote aliyebeba mfuko.

Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa na Gahongayire. Siku ya harusi yenyewe bwana harusi aliinuka mezani akahesabu kreti za bia. Moja haikuonekana. Alizunguka ukumbi mzima na suti yake, akawahoji wapishi, mpaka alipoigundua: baba mkwe alikuwa ameikalia, viti vilikuwa vimepungua. Mkewe alicheka miaka thelathini na tano.

Mwaka 1995 familia ilirudi Rwanda ikakaa Gatsata, na Évode akawa mtunza stoo katika duka la vipuri vya magari. Alipostaafu aliingia irondo, doria ya wakazi wa mtaa. Walikuwa kumi na watatu, wote wa kujitolea, hakuna mshahara. Kila nyumba ilitoa mchango wa mwezi, nao ulinunua tochi, makoti ya mvua na filimbi. Mtunza fedha alikuwa mama Pudentienne, muuza unga wa barabara ya chini.

Hapa familia inaomba msikilize vizuri, maana marehemu mwenyewe ndiye aliyetaka pasomwe.

Septemba 2022 Évode aliona koti lake linavuja na jipya haliji. Akashuku. Alihesabu mageti ya mtaa, akapata sitini na manne. Akaulizia waliolipa, wakawa hamsini na mmoja. Pesa za nyumba kumi na tatu ziko wapi? Hakwenda kwa Pudentienne. Wenzake wa doria pia hakuwauliza, kwani na wao aliwashuku. Alipita geti kwa geti akiacha neno moja tu, kwamba kuna nyumba kumi na tatu ambazo pesa zake hazionekani, na anayejua ajue. Mtu wa irondo akisema hivyo, nani atabisha?

Mama Pudentienne aliweka kitabu cha michango mezani mbele ya kamati ya mtaa. "Kitabu iko hapa," alisema. "Muhesabu wenyewe. Mimi naacha." Walihesabu, hawakuona kosa hata moja. Lakini maelezo ya kamati hayakufika mbali, na mtaa haukutulia. Watu walisema lazima kuna kitu, na unga wakaenda kununua Nyabugogo. Kabla ya Krismasi duka lilifungwa.

Gahongayire wakati huo alikuwa Huye, akimuuguza binti yao Aurore aliyejifungua. Aliporudi na kuhadithiwa, alishika kichwa, maana yeye alilijua jibu. Kamati ilikuwa imeamua zamani kwamba nyumba inayotoa mtu wa doria haidaiwi mchango. Uamuzi ulitangazwa kwenye mkutano baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, waliohudhuria wachache, nao wanadoria siku hiyo walikuwa wamelala, wamechoka na zamu. Wanadoria kumi na watatu, mageti kumi na matatu. Moja lilikuwa la Évode mwenyewe. Yeye aliamini mkewe analipa.

Aibu ilimbana. Miaka miwili alipitia barabara ya juu ili asikutane na yule mama, na kuomba radhi hakuomba. Tusimpambe: alikosea, na alijua amekosea.

Figo zilianza kumsumbua Juni 2024. Januari alimwita mpwa wake Natacha, anayewasomea sasa, akamwambia aandike: "Pudentienne hakula hata faranga moja. Mwongo ni mimi." Natacha alimshauri amwite mama huyo waongee. Akakataa, akasema wakiongea wawili, mtaa utasema wamenunuana. Kwenye mkutano watu hawatimii, ila msibani wote watakuja. Kisha akamtaka asome alichoandika, mara mbili, asije akawa amepunguza.

Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, alfajiri, akiwa na miaka sitini na mmoja.

Ameacha mjane, Gahongayire, watoto wawili, Audace na Aurore, wajukuu watatu, na mpwa wake Natacha. Familia ilimpelekea mama Pudentienne nakala ya maneno haya kabla hayajachapwa, ikamwekea kiti pamoja na wafiwa. Hajajibu, na hatumdai jibu. Ninyi mliohama duka lake mnajijua.

Évode apumzike kwa amani, na mama Pudentienne aipate ya kwake angali hai.