Delbert Thorsteinson na Programu Jalizi Arobaini na Moja

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Delbert Thorsteinson anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Machi. Aliajiriwa hapa Winnipeg kufunga nyaya. Anaondoka akiwa msimamizi wa seva inayounda programu zetu, zile zinazowaonyesha wahudumu wa ambulensi nyumba ya kwenda.

Kwa wenzetu wa idara nyingine: seva hiyo huchukua kazi za waandishi wa programu, huziunganisha, huzijaribu, kisha huzitoa bila mkono wa mtu. Lakini inategemea programu jalizi, yaani programu ndogo za nyongeza, arobaini na moja zilizopachikwa ndani yake. Kila moja imetengenezwa na watu wake, nao hutoa toleo jipya wanapotaka. Ukibadilisha moja, nyingine inaweza kugoma. Delbert ndiye aliyeanzisha orodha: jina la programu jalizi, namba ya toleo linaloruhusiwa, basi. Toleo jipya hukaa kwanza wiki nzima likijaribiwa kwenye seva ya pembeni. Vijana walimtania, "Babu, hata maziwa nyumbani unayajaribu wiki nzima?" Naye akawajibu, "Mimi nayanusa. Ninyi mnakunywa tu."

Mikutano hakuipenda. Alileta donati ili iishe upesi, maana mdomo uliojaa hausemi.

Januari mwaka jana alichukua ruhusa ya siku mbili, mkewe Sigrun akifanyiwa upasuaji wa goti. Seva ikaonyesha onyo jekundu: programu jalizi moja ina tundu la usalama. Mfanyakazi wa zamu akabonyeza "sasisha zote". Mfanyakazi huyo ni mimi. Nilikuwa na wiki tatu tu tangu nitoke likizo ya uzazi, mtoto halali usiku, na sikutaka mtu aseme sijiwezi. Seva ikawaka vizuri, kila kitu kijani. Nikapongezwa.

Delbert aliporudi alitazama ubao wa matokeo ya seva akiwa bado amesimama. "Danica, majaribio yetu huchukua dakika arobaini. Haya yameisha kwa nne. Mengine yamekimbilia wapi?"

Hayakuwa yamefanyika. Toleo jipya la programu jalizi inayoendesha majaribio lilikuwa likiyatafuta kwenye folda nyingine. Lilipokuta patupu, likahesabu kwamba hakuna kosa. Na programu iliyoundwa na seva asubuhi hiyo ilikuwa iingie kwenye ambulensi za miji kumi na mmoja saa sita mchana.

Aliizuia saa tatu na robo. Akarudisha matoleo ya zamani moja moja kwa kufuata orodha yake, akayaendesha majaribio upya. Matatu yalianguka. Mojawapo lilikuwa hili: mgonjwa aliyehama, ambulensi ingetumwa kwenye nyumba yake ya zamani.

Meneja wetu, Harjinder Gill, akaja mbio. "Nani kabonyeza?"

Nikasema ni mimi. Nilishaanza kukusanya vitu vyangu mezani.

"Niandike na mimi chini yake," Delbert akamwambia. "Niliweka namba, sikuweka sababu. Nani atatii namba tupu?" Kisha akanigeukia. "Na wewe, mama, rudisha hicho kikombe. Tunaandika sababu za zote arobaini na moja, na anayechapa ni wewe."

Ilituchukua siku tisa. Hakunibembeleza. Sababu niliyoiandika ovyo aliifuta, nikaanza upya. Lakini kila ilipofika saa kumi alinifukuza: "Nenda kamchukue mwanao. Seva haina mama wa kumsubiri."

Tangu Novemba orodha iko mikononi mwangu. Mwezi uliopita onyo jekundu lilitokea tena, Delbert akiwa amekaa nyuma yangu, mikono kwapani. Nilisasisha programu jalizi moja tu, kwenye seva ya pembeni. Nikahesabu majaribio, nikangoja wiki, nikaandika sababu. Siku ya saba alisoma nilichoandika, akakisoma tena, hakufuta neno. Akaenda nyumbani mapema, jambo ambalo hakuna hapa anayekumbuka kuliona.

Delbert, asante kwa miaka yako, na kwa ukali wako pia. Wewe na Sigrun tunawaombea afya, magoti mazima, na barafu laini kule Gimli unakocheza na wenzako ule mchezo wa kusukuma mawe barafuni. Jumatatu usipige simu kuulizia seva. Tumeishika.

Danica Friesen, kwa niaba ya Idara ya Seva