Jeconia Osewe na Mashine ya Sukuma Wiki

Bwana asifiwe. Wapendwa waombolezaji, mimi ni Everlyne Akeyo, dada mdogo wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nitasoma polepole kwa sababu moyo ni mzito.

Ndugu yetu Jeconia Osewe alizaliwa tarehe 14 Aprili 1971 huko Ugunja, kifungua mimba wa marehemu Mzee Okeyo na Mama Aketch, akasoma shule ya msingi ya kijijini hadi darasa la nane mwaka wa 1987, karo ya sekondari ikakosekana, na mwaka wa 1989 akaja Nairobi kwa mjomba wetu, fundi wa chuma Laini Saba, Kibera, akajifunza kuchomelea.

Tarehe 5 Desemba 1998 alifunga ndoa kanisani hapa Gatina na Mutheu, binti wa Mzee Ndululu wa Machakos, wakaishi papa hapa, na Mungu akawajalia Billy na Mitchelle.

Mutheu anauza mboga steji ya Kawangware 56, na kama mnavyojua, mteja wa siku hizi anataka sukuma wiki ikiwa imekatwa tayari, nyembamba kama nyuzi, basi kwa miaka mingi ya kukata, viungo vya vidole vyake vikavimba, na mwaka wa 2017 Osewe akaapa kumtengenezea mashine. Yeye alifanya chuma, Mutinda, fundi wa redio, akaleta mota ya mashine kuukuu ya kufulia, Kagiri, mnoa visu, akatengeneza makali, wote katika kibanda kimoja kando ya reli kule Laini Saba, wakiazimana vyombo, wakitukanana na kula sahani moja, hadi mwaka wa 2019 mashine ikakata.

Serikali ikasikia. Mwaka wa 2021 wakubwa walikuja na viatu vinavyong'aa, wakatangaza mradi wa kukuza ubunifu wa teknolojia kwa ushirikiano, yaani walikuja kuwafundisha watu waliokula sahani moja jinsi ya kushirikiana. Ili ushirikiano upate nafasi, walibomoa kibanda, wakajenga jumba la vioo lenye lango la chuma, na mashine ikaingizwa humo.

Jumba lilifunguliwa tarehe 18 Machi 2022, kwaya na mahema vikiwepo, ila umeme haukuwa umeunganishwa, kwa hivyo Mutheu aliwekwa nyuma ya pazia akate sukuma kwa kisu, huku mheshimiwa akiikinga sukuma hiyo upande wa pili wa mashine, kana kwamba imetoka humo, na kupigwa picha. Mutheu alimnong'onezea mumewe, "Baba Billy, leo mashine ni mimi, usisahau kunipaka mafuta." Osewe alicheka mbele ya watu, lakini alipofika nyumbani alilia.

Baada ya siku hiyo lango lilifungwa, tukaambiwa linangoja mgeni rasmi wa awamu ya pili. Mutinda alirudi Kitui, Kagiri akaanza kuzunguka na jiwe lake la kunolea, na Osewe akawa mtu wa kwenda langoni na kurudi. Mwaka wa 2024 figo zilianza kumsumbua, akalazwa, na tarehe 3 Juni 2025 alituacha, baada ya kumwuliza Mutheu kama wamefungua.

Leo ofisa wa mradi ameketi mstari wa mbele, naye ameomba kipaza sauti atangaze kwamba jumba litaitwa Jeconia Osewe. Familia ilikaa ikakataa, Mungu atusamehe kama ni kiburi. Mutheu hataki jina ukutani, anataka mashine yake. Ofisa, chakula utapata, kipaza sauti hutapata, na baada ya ibada Mutinda na Kagiri watapanda gari lako hadi Laini Saba ukawafungulie, maana jeneza hili halitoki Gatina kwenda Ugunja mpaka mashine iwe mlangoni kwa mjane.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa ploti waliopika na kukesha nasi, wamama wa steji, na mafundi wenzake waliomtengenezea jeneza bila kufundishwa na mtu jinsi ya kushirikiana.

Pumzika, ndugu yangu, katika amani ya Bwana, ambaye lango lake halingoji mgeni rasmi.