Simu Inayomuuliza Msumari

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, na mwenye birika la kahawa ni mimi. Asubuhi ile fundi wa paa tunayemwita Msumari alikaa, simu yake ikalia. Akaisoma, akabonyeza moja, akairudisha mfukoni. Alikuwa anatibiwa presha, baada ya kizunguzungu kumkamata juu ya ngazi nusura aanguke. Kliniki ilimwandikisha kwenye mpango wa simu: kila siku ujumbe unamuuliza kama amemeza dawa. Ndiyo ni moja, hapana ni mbili.

— Ungebonyeza mbili ingekuwaje? akauliza Kinyozi, aliyemwacha mteja ndani na povu kidevuni.

— Niliwahi kubonyeza. Kahawa haijapoa, nesi kanipigia.

Hapo benchi likachangamka.

— Simu hizi zina macho, akasema Kinyozi. Nesi alikuona.

— Macho gani na simu iko mfukoni? Huyo alikuwa Breki, dereva wa lori mstaafu, mtu asiyekubali kushindwa. Siri iko kwenye kidonge. Ndani mna kitu kama plagi. Ukimeza, kule kliniki taa inawaka. Usipomeza, giza.

— Mbona Msumari mwenyewe hawaki?

— Anawaka kwa ndani.

Msumari akaombwa afungue kinywa, akafungua. Breki akachungulia, akasema haoni kitu kwa sababu ya kahawa. Nikajishughulisha na birika nisije nikaingizwa kwenye kesi.

— Tena wakishajua presha yako, akaendelea Breki, wanajua na hasira zako. Ukigombana na mkeo, nesi anapiga simu kuamua.

— Kwangu angehamia kabisa, akasema Kinyozi.

Pembeni alisimama dada mmoja, mgeni wa mtaa, akisubiri nimjazie chupa yake.

— Samahani, kaka zangu. Huyo nesi alipopiga, alisema nini?

Tukamgeukia Msumari. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

— Aliniuliza kwa nini sikumeza. Niliona aibu, lakini nikamwambia. Dawa ile inanipeleka chooni kila mara, na mimi niko juu ya paa la watu. Panda, shuka, panda, shuka, mpaka mwenye nyumba akaanza kunitilia shaka. Nikaamua siku za kazi niiache. Nesi akacheka, akaenda kuzungumza na daktari, akanipigia tena. Akasema nimeze alfajiri, nikifika kwenye ngazi shughuli hiyo iwe imekwisha. Sijairuka tena, na kizunguzungu kimenitoka.

— Kumbe ulijisema mwenyewe, akanung'unika Kinyozi.

— Na nyinyi, akauliza yule dada, mna wa kuwauliza kama mmemeza zenu?

Kinyozi akakumbuka ghafla kwamba ana mteja, akaingia ndani. Breki naye ana presha, tena ya siku nyingi. Mkewe ndiye aliyekuwa akimfuata na kidonge na glasi ya maji hadi mlangoni mwa lori, na mkewe alishatangulia mbele ya haki.

Dada akachukua chupa yake, akatuaga kwa adabu. Breki akasogea karibu na Msumari, akashusha sauti, ingawa nilikuwa hapo hapo.

— Ukienda kliniki nipitie, ndugu yangu. Na mimi nataka kuulizwa.