Dada Aliyevua Trauti wa Sentimita Sabini na Moja

Ndugu, jamaa, majirani na mliofanya kazi na dada yetu, historia hii inasomwa na mdogo wake wa mwisho, fundi friji, aliyeikataa kazi hii mara mbili na familia ikamng'ang'ania.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya wanne, akasoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974 na sekondari kuanzia 1975 hadi 1978, kote huko akishika namba moja, kiasi kwamba mdogo wake alipofika madarasa yale yale, walimu walimtazama juu mpaka chini wakamuuliza kama kweli wametoka tumbo moja.

Mwaka 1980 aliajiriwa kiwanda cha nguo, idara ya ukataji, na tarehe 8 Agosti 1985 alifunga ndoa na shemeji, dereva wa lori, ambaye naye, tufanyeje, ni mtu mzuri, wakajaliwa watoto watatu, wote mnaowaona hapa mbele, na wote wana adabu.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2016, akamwomba mdogo wake amfundishe kuvua trauti, samaki wa mito ya maji baridi, jambo pekee ambalo kwa miaka kumi na saba lilikuwa la huyu mdogo peke yake. Alimfundisha kwa moyo mmoja, haya, tuseme nusu, jinsi ya kutupa chambo cha manyoya kinachoigiza kisamaki, kukivuta kwa kukatakata kionekane kinakimbia, na samaki akigonga, kuinua fimbo ya kuvulia juu. Kosa lilikuwa hapo, maana kuinua fimbo kunafaa kwa chambo kidogo kinachoelea, lakini hiki kikubwa huchomoka mdomoni kabla ndoano haijaingia, dada akapoteza samaki watatu, kwa wa nne akaiacha fimbo imelala na kuvuta mshipi kwa mkono, na tarehe 19 Novemba 2017 akatoa trauti wa sentimita sabini na moja. Mdogo wake, ambaye hajawahi kuvuka hamsini na nne, alimpima samaki huyo mara tatu, roho ikimuuma, na dada alipomsihi avute kwa mkono alijibu kuwa hafundishwi na mwanafunzi wake, akaendelea kuinua na kupoteza kwa miaka mitano.

Februari 2022 marehemu aligundulika na saratani ya ini, akalazwa mara nne, na tarehe 2 Mei 2023 mdogo wake alitoka mtoni mikono mitupu, akaingia wodini na kumwambia amepata wa sabini na nne na kumrudisha majini, kwa sababu alitaka walau mara moja dada awe wa pili. Dada, ambaye kwa siku tatu hakuweza kuketi, aliketi, akamshika mkono, akauliza kama alivuta kwa mkono, akaambiwa ndiyo, akawaita manesi wote waje wampongeze, na akafariki tarehe 6 Mei, saa nne asubuhi, akiamini hivyo. Tangu juzi wengi wenu mmempa huyu mdogo hongera za samaki wake pale nje, naye amezipokea. Jamani, samaki huyo hakuwepo, na wivu wenyewe haujaisha mpaka hapa mnapomwona amesimama.

Familia inawashukuru madaktari, manesi wa wodi ile, ambao pia wanaombwa radhi, majirani mliolala nasi siku zote hizi, na wenzake wa idara ya ukataji.

Pumzika kwa amani, dada, hakuna aliyekushinda.