Eliufoo Munisi, Mtandika Farasi wa Masama

Wazee wetu shikamooni, ndugu na majirani poleni kwa kufika hapa kihambani, kwenye shamba la ukoo, ambapo leo tunamlaza Eliufoo Ndelilio Munisi, aliyezaliwa tarehe 14 Aprili 1966 hapa hapa Masama, mtoto wa tatu wa mzee Ndelilio na mama Elisifa, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, kisha akabaki nyumbani akimsaidia baba yake kahawa na ng'ombe.

Tarehe 3 Februari 1992 aliajiriwa kwenye shamba la farasi wa watalii, chini kidogo ya msitu, na siku ya kwanza alifunga tandiko kama sisi sote tunavyofunga mzigo wa majani ya ng'ombe, goti juu ya mzigo na kamba ivutwe mpaka ilie, farasi akampiga teke la nyonga lililomwachia ule mwendo wa kuchechemea mliomjua nao. Mwenyewe alisema, akicheka, kwamba yule farasi ndiye mwalimu wake wa sekondari, maana alimfundisha kuwa tandiko hutulia pale linapoafikiana na mgongo wa anayelibeba.

Tarehe 7 Oktoba 1995 alifunga ndoa na Yuditha, wakajaliwa Kindness na Filemon.

Mwaka 2016 farasi jike aitwaye Theluji alikwishaangusha wageni wawili kwenye mteremko, na meneja, Bwana Davis, akataka afungwe lijamu kali ya kumbana mdomo au auzwe, wala hatumlaumu, wageni walikuwa dhamana yake. Eliufoo aliomba apewe wiki, akaondoa tandiko jembamba lililombana mabega, akachagua jingine la Kiingereza lenye upana wa mgongo wake, akaongeza mkanda wa kifuani ili lisirudi nyuma wakati wa kupanda, na mwingine wa chini ya mkia ili lisiteleze mbele wakati wa kushuka, lijamu akamwachia laini, na kwa kuwa hakutaka mtoto wa mwenzake aijaribu kazi yake, akampandisha Kindness. Mkewe alimwambia mbele yetu, "Baba Kindness, huyo akianguka, utahamia bandani," naye akajibu, "Mama, nikikosea hapa, hata bandani hawatanipokea." Theluji alishuka kutoka msituni hadi barabarani ametulia, hatamu zimelegea, na siku ile mkewe alipika machalari ya ndizi na nyama.

Kila safari ilipoisha, kabla hajanywa hata maji, alimlegezea farasi mkanda wa tumbo, akisema aliyebeba wengine apumue kwanza.

Alianza kuugua figo mwezi Machi 2023, akalazwa hospitali ya Mawenzi mara kadhaa, na kila jioni Kindness, aliyeirithi kazi yake, alipofika kumwona, aliulizwa kama farasi wamelegezewa mikanda, na jioni ya tarehe 9 Juni 2025 aliuliza tena, akaambiwa tayari, akafumba macho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotukatia ndizi na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake pamoja na Bwana Davis, ambaye hajamuuza Theluji hadi leo.

Baba Kindness, umewabeba wengi, na mkanda sasa umelegezwa, pumzika kwa amani.