Wasifu wa Mama Kwa Nini, Aliyewauliza Wasiocheza

Huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Machi 1974, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, chumba cha mwisho karibu na bomba la maji. Alikuwa kitinda mimba wa baba yetu, fundi wa mitambo ya kufumia, na mama yetu, mshonaji. Mimi ninayesoma ni dada yake mkubwa. Jana niliombwa wasifu huu niufanye mfupi, na habari za uwanja wetu niziruke, kwa kuwa wiki hii kamati ya michezo inaamua kama uwanja ubaki wazi au ufungwe kwa uzio na geti. Nimemwomba Mungu anipe ulimi mpole. Ulimi mfupi sikuomba.

Akiwa na miaka miwili aliugua polio, ikamwachia mguu wa kushoto mwembamba. Mama alikuwa akisema, "Mungu kapunguza mguuni, kaongeza mdomoni." Kila kitu aliuliza kwa nini, na jina hilo likamganda hadi watoto wa mtaa, na baadaye wanafunzi wake wa chuo, wakamwita Mama Kwa Nini.

Alianza darasa la kwanza Januari 1981, shule ya msingi iliyopakana na kiwanda. Kipindi cha michezo mwalimu alimwambia, "Wewe mtoto kaa hapo, linda mabegi ya wenzako." Akayalinda, na huku anatazama. Siku moja, yuko darasa la tano, akamuuliza mwalimu mbele ya watu: "Mwalimu, mimi nimekaa kwa ajili ya mguu. Wale wawili nyuma ya darasa miguu yao mizima. Kwa nini hawachezi?" Mwalimu akamjibu, "Hayo hayakuhusu." Akaenda kuwauliza wenyewe. Kumbe wale mabinti sketi zao zilikuwa zimechanika, wanaona haya kukimbia. Akaja nyumbani kumsumbua mama mpaka zikashonwa kaptura mbili kwa mabaki ya kitambaa cha kiwandani, na wiki iliyofuata wale mabinti walikuwa uwanjani, mmoja akiwa mkali kuliko wavulana.

Alimaliza sekondari mwaka 1993, akasomea elimu ya jamii chuo kikuu, na tarehe 1 Oktoba 1999 akaajiriwa hapo hapo kufundisha. Alipotaka kusoma shahada ya uzamivu, alimwambia msimamizi wake kwamba anataka kutafiti michezo, ila atawahoji watu wasiocheza. Profesa alicheka hadi akavua miwani. "Mama, huko si ndiko kuhesabu samaki ambao hawajavuliwa?" Yeye akamjibu, "Ndio wengi, Profesa." Alihitimu mwaka 2009, na Profesa huyo huyo ndiye aliyekuwa wa mwisho kuacha kupiga makofi.

Kazi yake aliifanya hivi. Alikaa ukingoni mwa uwanja, akatazama nani hayupo, kisha akaenda kubisha hodi. Niliwahi kufuatana naye. Tulimkuta mama mmoja na povu hadi viwikoni, anafua.

"Shikamoo dada. Mbona uwanjani hatukuoni?"

"Nije kufanya nini? Nikimbie na mwili huu, wale vijana wa ukutani wanimalize kwa miluzi?"

"Wangekuwa hawapo?"

"Wangekuwa hawapo, ningewakimbiza nyie wote wawili!"

Tulicheka sote, naye akaandika. Kisha akawaendea wale vijana wa ukutani, akawauliza na wao kwa nini hawachezi. Wakasema hawana viatu, na timu haiwataki. Basi vijana wakapewa saa yao uwanjani, kina mama wakapewa yao ya Jumamosi, na ukuta ukabaki na paka.

Tarehe 26 Aprili 2003 alifunga ndoa na fundi baiskeli aliyempelekea baiskeli yake ifupishwe pedali ya kushoto. Shemeji yangu aliiangalia baiskeli, akamwangalia na mwenyewe, akasema, "Dada, kwa hali hii tutaelewana kweli?" Akajibiwa, "Wewe fupisha pedali. Kuelewana kutakuja kwa miguu." Walijaliwa mabinti wawili. Baiskeli ile ameipanda hadi mwaka jana.

Sasa nafika kwenye uwanja. Mwaka 2021 kamati ya michezo ilikuja na mpango wa kuweka nyasi za plastiki, uzio na geti. Ikamwomba yeye afanye utafiti, nadhani kwa sababu alikuwa mpole wa sura. Alikwenda mtaa wa pili, ambako uwanja wa namna hiyo ulishajengwa, akakaa huko misimu miwili. Nilimwomba anieleze alichokiona kwa maneno ya jikoni, akanieleza. Jua likiwa kali, nyasi zile zinakuwa kama kikaango, na watoto wengi wanacheza pekupeku. Chini yake kuna chembe nyeusi za mpira, na mvua ikinyesha zinabebwa na mfereji hadi mtoni. Mlinzi wa geti anadai kadi ya klabu, basi kina mama, mabinti na wazee wamerudi majumbani kukaa. Wamebaki wale wale ambao wangecheza hata barabarani.

Hakusema uwanja wetu wa udongo ni peponi. Kiangazi una vumbi, masika una madimbwi, na aliyaandika yote hayo. Alipendekeza usawazishwe, uoteshwe nyasi za kweli, uchimbiwe mifereji, upandwe miti upande wa jua la jioni, na ujengwe choo chenye mlango unaofungika. Geti hakupendekeza.

Alipowaita wajumbe wa kamati kwenye uwanja ule wa plastiki saa saba mchana, mimi nilikuwepo, nimembebea maji. Aliwaambia, "Waheshimiwa, naomba tuvue viatu." Wakatazamana. Mwenyekiti akasema, "Mama, sisi si watoto." Akamjibu, "Ndiyo maana nawaomba. Watoto hawakuombwa." Katibu peke yake ndiye aliyevua. Alipiga hatua chache akaanza kurukaruka kama maharage ya kukaangwa, akakimbilia kivulini, na huko kivulini hakusema tena neno la kuunga mkono plastiki. Mdogo wangu alikuwa amesimama pekupeku muda wote, na ule mguu wake.

Ripoti alipoipeleka, waliirudisha wakitaka habari za joto na za geti zitolewe. Akawaandikia kwamba akizitoa hizo, itabaki picha ya jalada. Wakamwondoa kwenye utafiti huo, ripoti ikafungiwa kabatini, na wenzake chuoni wakaanza kumsalimia wakiwa mbali. Aliumia, nisiwadanganye. Lakini Jumamosi zote alikuwa ukingoni pake kama kawaida, na kina mama wakija saa yao.

Mwezi Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya matiti. Alitibiwa vizuri, na wauguzi tunawashukuru. Kila siku alizunguka wodi akisukuma chupa ya dripu. "Mama, rudi kitandani," wanamwambia. "Mwanangu, niko mazoezini," anawajibu, na wagonjwa wengine wakaanza kumfuata, mstari mrefu wa chupa koridoni. Mwezi uliopita madaktari walisema wamefika mwisho. Akaniita, akaniambia, "Dada, siku ya mazishi wale wa kamati watakuja na mashada. Wape viti vya mbele. Halafu usome." Jumanne iliyopita, saa kumi na moja jioni, aliaga dunia nyumbani kwake, mumewe amemshika mkono, mimi nimeushika ule mguu.

Jana Mwenyekiti alikuja kutupa pole, akaniita pembeni. "Mama, msibani hatuingizi mambo ya kamati. Sema tu marehemu alipenda michezo, inatosha." Nikamwambia, "Baba, nimekusikia." Kumsikia nilimsikia. Yupo nasi hapa mbele. Karibu sana baba, na asante kwa shada. Kilichofungiwa kabatini kimeshachapishwa, wapendwa, kiko mikononi mwenu katika karatasi hii ya ratiba. Aliyeikosa agawane na jirani yake, na mkifika nyumbani wasomeeni ambao hawakuja.

Kikao cha kamati ni cha wazi kwa wakazi wote. Uwanja haujawekwa hata nguzo moja. Mabinti zake wamesema watakwenda pekupeku. Mimi magoti yananisumbua, lakini nitakwenda, nitakaa mbele, nitanyoosha mkono na kuuliza kwa nini. Wakinipita nitaunyoosha tena.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja anayeanza kutambaa, kaka mmoja, mimi dada yake, wanafunzi wengi, na kina mama wa Jumamosi.

Bwana amlaze mahali pema, apumzike. Sisi tuonane Alhamisi, saa nne asubuhi, ukumbi wa kamati.