Mtu Aliyewarukisha Watoto Wetu

Miaka thelathini na mmoja mtu yuko kwenye chumba kile kile cha mazoezi hapa hospitalini, mwisho wa korido, mlango unaokwaruza sakafu. Tarehe thelathini mwezi huu mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo anastaafu. Watoto wanamwita Mzee Ruka, na sisi wa chumba cha kufulia tumelidaka jina hilo hilo.

Alipoanza, mtoto akipona saratani ya damu alipigiwa makofi, akarudishwa nyumbani, basi. Yeye ndiye aliyeona kwamba baadhi yao wanarudi wakiwa vijana, huyu kavunjika mkono kwa kuteleza bafuni tu, yule mgongo unamuuma kama mzee. Akaandika kila mmoja kwenye daftari lake, akawafuata madaktari mpaka wakaanza kumkwepa. Hakukoma. Dawa zilizowaokoa watoto zilikuwa zimeila mifupa yao, na kulala kitandani miezi na miezi kukamalizia. Leo hakuna mtoto anayemaliza matibabu hapa bila kupimwa mifupa. Hiyo ni kazi yake, asije mtu akajipachikia sifa.

Na huko kuruka kwenyewe, maana alisema mfupa hukazwa kwa kurukaruka! Siku moja wakubwa wa hospitali walikuja kukagua, wakamkuta anarukaruka kama chura mbele ya watoto sita, suruali imepasuka nyuma. Akamaliza kwanza kuhesabu hadi ishirini, ndipo akawasalimia.

Mimi nilimjua kwa kugombana naye. Mjukuu wangu alipona akiwa na miaka tisa, nami nikaapa hataumia tena. Kamba ya kuruka nikaificha, ngazi nikawa nampandisha mgongoni. Mzee Ruka akatukuta koridoni, akaniambia mbele za watu kwamba kwa mapenzi ya namna ile nitamlemaza mtoto. Nikamjibu akazae wake. Akacheka, kisha akahakikisha mtoto anapimwa siku ile ile. Pingili mbili za uti wa mgongo zilikuwa zimebonyea. Nilikaa pale pale sakafuni nikalia.

Safari hii hakucheka. Alimwanzisha pole pole: kusimama kwa vidole, kisha ngazi moja moja, na baada ya miezi mingi, daktari aliporidhia, kuruka. Mimi nilitolewa nje, maana mtoto akiyumba kidogo tu napiga yowe. Miaka miwili baadaye kipimo kilionyesha mifupa imekaza. Niliwatangazia hata wauza maji getini.

Mwaka huu mjukuu wangu huyo, sasa binti mzima, ameanza kazi ya uashi. Anabeba matofali, anapanda majukwaa. Siku ya kwanza nilimtazama akiondoka na mwiko wake, maneno ya kumzuia yamenijaa, nikayameza yote. Ustahimilivu huo alinifundisha Mzee Ruka, na haikuwa kazi nyepesi.

Asante sana, Mzee Ruka, mdogo wangu. Mkeo amekungoja miaka yote hii. Nenda mkafurahi, mle vizuri, mlale mpaka jua liwachome. Afya na amani viwafuate. Watoto wetu uliotuachia wamesimama imara.